Motokaa ya Mpwa Wangu Iliyoongezwa Mbio



Najua wengi wenu mtakaosoma maneno haya hamna motokaa, wala hamtazamii kuwa nayo mwaka huu. Mimi nami nimetengeneza motokaa za watu kwa miaka 34, na mpaka leo sijapata kuwa na yangu, ila pikipiki moja ya zamani. Walakini nawaomba msigeuze ukurasa upesi. Siku hizi hakuna kijiji kisicho na kijana mwenye chombo cha moto, na kijana huyo hakai miezi mitatu kabla hajataka kukibadili, kiwe na mlio mkubwa zaidi au kikimbie zaidi. Mnawasikia wenyewe usiku. Juu ya mlio huo na mbio hizo sina neno jipya. Mapolisi na akina mama wamekwisha kusema. Mimi nataka kuwaeleza jambo linalofuata baadaye, siku ile chombo kinapotakiwa kuuzwa, maana siku hiyo haiko mbali kama kijana anavyodhani.

Dada yangu ameolewa hapa hapa Kilema, na mwanawe wa kwanza ni dereva wa watalii mjini Arusha. Ni kijana mwema. Hanywi, hutuma fedha nyumbani, na akija haondoki bila kuniamkia. Mwaka 2022 alinunua Subaru Impreza WRX, iliyoundwa Japani mwaka 2005, kwa shilingi milioni 16. Alikuja nayo Krismasi, watoto wa kijiji kizima wakaizunguka wakiigusa gusa kama ng'ombe mpya.

Huenda msomaji mkulima atapenda kujua kwamba Subaru kwa Kijapani ni jina la Kilimia, lile kundi la nyota ndogo ambalo wazee wetu waliliangalia wapate kujua majira ya kulima. Ndiyo sababu alama iliyo usoni mwa motokaa hizo ina nyota sita. Na hiyo Impreza WRX, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1992, si motokaa ya hivi hivi. Wazee wenzangu wanayakumbuka yale mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na matope. Mwaka 1997 Mskoti mmoja, Colin McRae, aliyashinda mashindano hayo kwa Subaru Impreza. Mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akayashinda kwa Impreza tena. Basi kijana anayeketi ndani ya motokaa hiyo haoni barabara ya kwenda Himo. Anaona Safari.

Nami sikumlaumu. Nilipoifungua boneti nilifurahi kama mtoto. Injini yake ni ya lita mbili, nayo imelala, silinda mbili upande huu na mbili upande ule, zikitazamana kama watu wanaopigana ngumi. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 250. Nilimwambia, "Mwanangu, hii usiiguse. Badili oili kwa wakati, basi." Akacheka akasema, "Sawa, mjomba."

Miezi sita haikupita. Kwanza alitoa ekzosi ya kiwandani akatia bomba pana lililonyooka, laki 9. Kisha shokapu na springi fupi, ili motokaa ilale chini, milioni 1 na laki 4. Kisha rimu pana na matairi yake, milioni 1 na laki 4 nyingine. Mwaka uliofuata akaagiza tabo kubwa, pamoja na pampu ya petroli na nozeli za kulingana nayo, milioni 3 na laki 6. Mwisho akampata fundi wa kompyuta, aliyeiandika upya programu inayoiongoza injini, milioni 1 na laki 2. Jumlisha mwenyewe, msomaji: milioni 8 na nusu. Aliniambia sasa motokaa ina farasi zaidi ya 330. Nilipomuuliza ni nani aliyewahesabu alinyamaza.

Hapa sina budi kueleza tabo ni kitu gani, maana bila kujua hilo hamtaelewa kwa nini wanunuzi waliogopa. Moshi unaotoka katika injini una nguvu. Badala ya kuuacha upotee bure, huelekezwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzunguka kwa kasi kubwa mno. Gurudumu hilo limeshikana kwa ufito na gurudumu la pili, ambalo husukuma hewa ndani ya injini. Ni mvukuto wa mhunzi, ila mvukuto huu husukumwa na moto wenyewe. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidi, na nguvu huzidi. Sasa kiwanda hupima mvukuto huo kwa kiasi na kuacha akiba, kwa kuwa hakijui motokaa itakwenda nchi gani, itatiwa petroli gani, wala kama mwenyewe atakumbuka kubadili oili. Mtu anayeongeza mbio huila akiba hiyo. Akizidisha, petroli hushika moto kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni kama nyundo, na beringi zilizobeba kazi ya farasi 250 hutakiwa kubeba ya 330. Injini yaweza kuvumilia mwaka, yaweza kuvumilia mitano, au isivumilie mpaka Jumapili. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua.

Mpwa wangu alikuwa na jibu lake. Alisema Wajapani wenyewe waliificha nguvu: tangu mwaka 1989 mpaka 2004 viwanda vyao vilipatana visitangaze motokaa yenye farasi kupita 280, na kwa hiyo ndani ya injini hizi mna nguvu iliyolala, yangoja kuamshwa tu. Mapatano hayo yalikuwako kweli. Lakini yalikuwa juu ya kutangaza, nayo hayakuongeza unene wa chuma hata kidogo.

Basi, mwezi wa Februari mwaka 2024 shemeji yangu, baba wa kijana huyu, alipanda mgrivilea kukata matawi ya kulishia moto. Tawi likavunjika. Akaanguka, akavunjika mfupa wa nyonga. Ninyi mnajua mambo haya yanavyokuwa kwetu: mtu mzima wa miaka 66 anayelima, kesho yake hawezi kujigeuza kitandani. Madaktari wakasema yafaa atiwe kiungo cha bandia, na ya kwamba asikawie. Ukoo ukakutana. Wakauza ndama, jumuiya ikachanga, mimi nikatoa nilichokuwa nacho, ikabaki kiasi kikubwa. Hapo mpwa wangu akasimama katikati ya baba zake wadogo akasema, "Nitauza motokaa." Akanitazama. "Mjomba atanisaidia, yeye ndiye fundi." Dada yangu akalia, nadhani kwa fahari.

Kijana aliamini kwamba atapata milioni 20. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ameinunua kwa 16, ametia 8 na nusu, jumla 24 na nusu, apunguze kidogo kwa uchakavu. Wengi wetu hufanya hesabu namna hiyo hata kwa nyumba na ng'ombe. Nami nilijua kwamba Impreza ya umri huo huo, isiyoguswa, ilikuwa imeuzwa mjini Moshi kwa milioni 15, lakini sikumwambia siku ile.

Wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye fedha taslimu. Aliitazama rangi, akapenda. Akaingia, akawasha. Ile ekzosi ilipolia alizima mara moja, akatoka, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka kwa mgonjwa, akasema, "Asanteni sana, nitapiga simu." Hakupiga. Wakaja vijana, wengi mno, kumi na wawili kwa siku moja. Hao waliijua kila spea kwa jina, wakapiga picha, wakamsifu mpwa wangu hata akaona haya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na milioni 3. Kwa siku hizo niliona wazi kwamba motokaa ya namna hii, wenye kuitamani hawana fedha, na wenye fedha hawaitamani.

Mwisho akaja dalali. Aliizunguka mara moja tu. "Milioni 11," akasema, "na hapo nakusaidia kwa ajili ya mzee." Mpwa wangu alikasirika, akamwonyesha stakabadhi za tabo. Dalali akamjibu neno ambalo nimelikumbuka tangu siku ile. Alisema, "Kijana, stakabadhi hizo ndizo zinazoshusha bei."

Tuliporudi ndani mpwa wangu aliniuliza, kwa uchungu, inawezekanaje kitu kilichoongezwa thamani kipunguzwe bei. Nilimjibu niwezavyo, nanyi nawapeni jibu lile lile.

Mnunuzi wa motokaa iliyotumika hanunui chuma peke yake. Ananunua na maisha yake iliyoyaishi, ambayo hayaoni. Hajui ilikimbizwa namna gani, ilikosa oili mara ngapi, iligonga nini. Kwa hiyo husoma dalili. Motokaa iliyo kama ilivyotoka kiwandani humwambia kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Tabo kubwa na ekzosi pana humwambia kwamba mwenyewe alikuwa na haraka, maana hakuna anayetia milioni 8 ili aendeshe polepole. Yamkini si kweli. Yamkini alikuwa mwangalifu kuliko wote. Lakini mnunuzi hawezi kujua, na kitu asichoweza kukijua hukikata katika bei.

Tena kuna fundi. Motokaa ya kiwandani ikiharibika, fundi yeyote wa Moshi au Himo aijuaye Subaru ataifungua na kuikuta kama alivyoizoea. Hii iliyobadilishwa, programu yake iliandikwa na mtu mmoja, kwa namna yake, kwa petroli aliyokuwa nayo siku hiyo. Mtu huyo akihama, nani atajua alichoandika? Mnunuzi mwenye akili huona kwamba ananunua motokaa pamoja na utumwa wa kumtafuta fundi yule. Na kuna bima. Anayekata bima kubwa hupaswa kumweleza mwenye bima mambo yote makubwa ya chombo chake. Akificha kwamba nguvu imeongezwa, siku ya ajali yaweza kukataliwa kulipwa. Tena kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ya mpwa wangu zilikuwa sawa, namshukuru Mungu. Nimewahi kumwona mteja mwingine aliyebadili injini nzima bila kubadili kadi: mnunuzi alisoma namba, akalinganisha, akaondoka bila hata kuaga.

Na hata hizo spea zenyewe, tangu zifungwe zimekuwa spea zilizotumika. Gharama ya fundi imekwenda na jasho lake. Mtu hulipa sawasawa apate apendavyo yeye. Mwenzake apenda vingine, kwa nini amlipie?

Msidhani nasema kila badiliko ni hasara, la. Mwaka 1998 kampuni ya Subaru yenyewe ilitengeneza Impreza iliyoitwa 22B, yenye injini kubwa zaidi na mwili uliopanuliwa, 400 tu kwa ajili ya Japani, na leo matajiri huzigombania kwa bei iliyo mara nyingi kuliko Impreza ya kawaida. Lakini hizo zilibadilishwa na kiwanda, kila moja ina namba yake, na dhamana ya jina. Mwezi wa Juni mwaka 2021, huko Las Vegas, Marekani, Toyota Supra ya mwaka 1994 yenye rangi ya chungwa, iliyobadilishwa kila mahali na kupakwa michoro ubavuni, iliuzwa mnadani kwa dola 550,000. Mpwa wangu alinionyesha habari hiyo katika simu yake kama ushahidi. Nilisoma mpaka chini: ni ile iliyoendeshwa na marehemu Paul Walker katika sinema. Aliyeinunua alinunua kumbukumbu ya mtu huyo. Mimi na mpwa wangu hatujaigiza sinema yoyote.

Nilimuuliza, "Vile vya kiwandani ulivitupa?" Hapa ndipo neema ilipokuwa. Kila kitu alichokitoa alikuwa amekileta kwa mama yake, na mama yake, ambaye hatupi hata kopo, alikuwa amevifunga katika magunia ya kahawa na kuvitia ghalani. Ekzosi ya kiwandani ilikuwapo, na shokapu, na rimu, na tabo ndogo ndani ya sufuria iliyotoboka, imefunikwa na kitambaa cha mafuta. Yule fundi wa kompyuta naye alikuwa amehifadhi programu ya kwanza. Na kwa kuwa kijana hakukata bodi wala kuchomelea mahali, iliwezekana kurudisha vyote. Kama angalikata mbawa za matairi, kama wengine wafanyavyo, pasingekuwa na la kufanya tena.

Tulifanya kazi siku nne, mimi na yeye, chini ya mparachichi. Oili, gasketi na mengineyo yalitugharimu laki 6. Zile rimu pana na matairi tuliuza laki 8, shokapu laki 6, ekzosi laki 3, zote kwa wale vijana waliokuwa wanapiga picha. Maana kijana asiyeweza kununua motokaa aweza kununua kipande chake. Tabo kubwa haikupata mtu. Jioni ya siku ya nne tuliiwasha. Ilinguruma kwa adabu. Mpwa wangu alikaa nyuma ya usukani kwa muda mrefu asiseme kitu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Rombo, mwenye suti ya kijivu na rozari mfukoni. Alitaka motokaa kwa ajili ya binti yake muuguzi, na mkewe alipenda rangi ile ya buluu. Aliiendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akaridhika. Tukapatana milioni 14. Akahesabu milioni 2 za kushika, akaziweka juu ya boneti. Kisha, kalamu ikiwa mkononi, akauliza, "Injini hii haijapata kuchezewa?"

Mpwa wangu alifungua mdomo. Nami, mjomba wake, mtu wa miaka 61, mweka hazina wa jumuiya, nilimtangulia nikasema, "Mwalimu, hiyo iko kama ilivyotoka Japani."

Angalieni ujanja wa maneno hayo. Siku hiyo ilikuwa kweli kama ilivyotoka Japani. Kila kipande kilikuwa cha kiwandani. Lakini hakuniuliza juu ya siku hiyo. Aliniuliza juu ya miezi kumi ambayo injini ile ilisukumwa kupita kipimo chake. Nilimwona shemeji yangu kitandani nikasema nilichosema. Mwalimu aliandika, akatupa mikono, akaondoka kwenda kutafuta fedha iliyobaki. Mpwa wangu hakuniambia neno. Aliziokota zile fedha juu ya boneti akanipa mimi nizishike.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi alasiri nilikwenda kanisani kuungama, kama ilivyo desturi yangu kila mwezi. Nilisimama katika mstari, mbele yangu wako watu watatu, na zile milioni 2 zilikuwa ndani ya koti langu kwa sababu niliogopa kuziacha nyumbani. Nikaanza kupanga maneno yangu ya kumwambia Padri. Nikaona kwamba hakuna namna ya kuyapanga. Siwezi kusema najuta kwa ajili ya fedha iliyo kifuani mwangu, nami nakusudia Jumatatu kupokea nyingine. Nikatoka katika mstari. Mama mmoja akadhani naumwa.

Mpwa wangu nilimkuta amekaa chini ya mparachichi. Nilipomwambia nataka twende Rombo kesho baada ya Misa ya kwanza, alisimama. Akasema, "Mjomba, mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimwambie." Sikuwa na jibu. Alisema kwa heshima, na heshima hiyo iliniumiza kuliko kama angalinitukana.

Tulikwenda na motokaa yenyewe. Mwalimu alitukaribisha chai. Niliweka milioni 2 mezani nikamweleza yote: tabo, programu, farasi 330, magunia ya kahawa, na uongo wangu. Mpwa wangu akampa zile stakabadhi, pamoja na daftari alimokuwa ameandika kila oili aliyobadili, tarehe na kilomita. Mwalimu aliisoma daftari ile yote, ukurasa kwa ukurasa, kama anayesahihisha mtihani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, naye ndiye aliyesema kwanza: "Kumbe walitaka kutuuzia ugonjwa." Nikainama.

Mwalimu hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema ataleta fundi wake aipime, kisha ataamua. Fundi huyo alikuja Jumatano, kijana mtaratibu, akatoa plagi, akapima mgandamizo wa silinda zote nne. Tatu zililingana. Ya nne ilikuwa chini kidogo, si ya kutisha, lakini chini. Akatazama oili kama ina chembe za chuma, hakuona. Akamwambia mwalimu mbele yetu, "Inaweza kudumu, ila uweke fedha ya injini pembeni." Maneno ya haki kabisa, hata mimi ningesema hayo hayo kama ningekuwa upande wake.

Mwalimu akatoa milioni 12 na nusu. Tukapokea. Alisema angalikataa kabisa kama si lile daftari.

Hesabu yake ni hii. Motokaa 12 na nusu, spea zilizouzwa milioni 1 na laki 7, toa laki 6 za kurudishia: tulipata milioni 13 na laki 6, badala ya 11 za dalali. Katika zile milioni 8 na nusu za kuongeza mbio, zilizorudi mkononi mwa kijana, ukitoa gharama, ni milioni 1 na laki 1. Uongo wangu ungetupatia milioni 1 na nusu zaidi, na nisingejua binti yule muuguzi angekuwa barabara gani siku ile silinda ya nne itakapochoka.

Fedha ilitosha, pamoja na ya jumuiya. Shemeji alitiwa kiungo mwezi wa Aprili. Sasa anatembea kwa mkongojo, anafika mpaka kanisani, na hapandi tena miti ingawa bado anatoa amri kwa wanaopanda. Mpwa wangu huja kwa basi. Ameanza kusema juu ya motokaa nyingine, na juzi aliniuliza maoni yangu juu ya ekzosi. Nikamwambia anunue kwanza motokaa.

Ile tabo kubwa bado iko. Dada yangu ameiweka mlangoni pa ghala ili upepo usipige mlango, na anasema ni nzito vizuri, haijapata kuteleza.